Jua Moja, Ngozi Mbili

Mwezi Julai hapa Makambako si mwezi wa kufanyiwa mzaha. Upepo unapita katikati ya mji bila kubisha hodi, na mzee wa umri wangu, anayeikaribia miaka 75, hatoki nje bila koti na kofia ya sufu. Siku moja ya Julai iliyopita nilitoka hivyo hivyo, nimejifunika kama mgonjwa, nikaenda karibu na stendi kununua betri za redio. Ilikuwa yapata saa sita mchana na anga lilikuwa safi kabisa.

Pale pembeni lori lilikuwa linapakiwa viazi vya kwenda Dar es Salaam. Wapakiaji walikuwa watano. Wanne walikuwa weusi kama mimi. Wa tano alikuwa kijana mwenye ualbino, mwenye umri wa miaka ishirini na kidogo. Alikuwa amevaa fulana ya mikono mifupi, kichwa wazi, na mgongoni amebeba gunia la lumbesa. Alipogeuka niliona midomo yake imepasuka, na juu ya sikio la kushoto palikuwa na kidonda chenye gamba kavu, ukubwa wa punje ya mhindi.

Nilisimama nikamtazama. Mstaafu mwenzangu mmoja, mtu mwema, mzee wa kanisa, akanishika mkono akasema, "Twende zetu, Mwalimu. Hao wameumbwa hivyo. Ni ya kuzaliwa ile, hawafiki mbali."

Nilikasirika hata nikashindwa kumjibu. Lakini, ndugu msomaji, sikumkasirikia yeye. Nilikasirika kwa sababu maneno yale niliyatambua. Niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena nikiwa na fimbo mkononi na cheo cha mwalimu mkuu, na yupo mtu aliyeyalipia kwa maisha yake. Nitamfikia.

Kwanza niseme ninapigana na nini. Napigana na semi tatu ambazo katika nchi yetu zimekaa vinywani mwa watu wema kwa muda mrefu mno. Ya kwanza ni hiyo ya mzee mwenzangu: wameumbwa hivyo. Ya pili: jua ni lilelile, mbona sisi halitudhuru? Ya tatu, ambayo ndiyo yangu: sheria ni moja kwa wote. Kila moja inaonekana kuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana zinaua bila mtu kushikwa mkono.

Tuanze na ya kwanza. Ni kweli kwamba ualbino ni wa kuzaliwa. Katika mwili wa kila mtu zimo chembe za urithi, yaani jeni, ambazo kila moja tumepewa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mojawapo, iliyo katika kromosomu namba 15, husaidia utengenezaji wa melanini, ile rangi inayoifanya ngozi yetu iwe nyeusi. Nakala zote mbili zikiwa na kasoro, vifuko vidogo vinavyotengeneza rangi ndani ya ngozi havifanyi kazi yake sawasawa. Mtoto huzaliwa na ngozi nyeupe, nywele za manjano na macho yasiyoona vizuri mbali. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliwapima watu wenye ualbino wa Tanzania wakakuta kwamba wengi wao wana kasoro ileile moja, kipande kilekile cha jeni hiyo kikiwa kimepotea. Na kipande hicho kinakosekana pia kwa watu wa nchi nyingine za Afrika. Maana yake ni kwamba kasoro hiyo ni ya zamani sana. Ilikuwamo katika damu ya babu zetu kabla hawajaitwa Wabena, Wahehe au Wasukuma.

Hayo ndiyo ya kuzaliwa, na hayo tu. Saratani haimo. Mtoto mwenye ualbino hazaliwi na saratani ya ngozi. Anazaliwa na ngozi isiyo na paa. Fikiri nyumba mbili zilizojengwa kiwanja kimoja, moja imeezekwa na nyingine haikuezekwa. Mvua ikinyesha, ni mvua ileile. Anayelala katika nyumba ya pili atalowa, lakini hakuzaliwa amelowa. Mvua ndiyo iliyomlowesha, na pia yule aliyemwona akilowa kila siku asimkaribishe kwake.

Melanini ndiyo paa letu. Jua linatoa mwanga tunaouona na joto tunalolisikia, lakini linatoa pia miale mingine isiyoonekana wala kusikika mwilini, ambayo vitabu vya sayansi huiita urujuanimno. Miale hiyo ikiingia katika seli za ngozi huharibu maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila seli. Mwili hujitahidi kuyatengeneza, na mara nyingi hufaulu. Lakini ikipigwa leo, kesho na keshokutwa kwa miaka, iko seli itakayokosewa katika matengenezo, nayo itaanza kuzaana bila kusikia amri. Hiyo ndiyo saratani. Kwa mtu mweusi, melanini huimeza sehemu kubwa ya miale hiyo kabla haijafanya madhara, na ndiyo maana saratani ya ngozi itokanayo na jua ni nadra kwetu. Kwa mtu mwenye ualbino hakuna kinachoizuia. Huanza na kuungua, zikafuata gamba na madoa magumu, kikafuata kidonda kisichopona. Na mahali pake ni palepale jua linapopiga: masikio, midomo, pua, shingo, mikono.

Hapo ndipo usemi wa pili unapovunjika. "Mbona sisi halitudhuru?" Halitudhuru kwa sababu tumeezekwa! Tunatoa ushahidi wa mvua tukiwa chini ya bati. Tena sisi watu wa nyanda za juu tunalo kosa la ziada, nalo ni kudhani kwamba palipo na baridi hapana jua. Nimewasikia wazazi wakisema kwamba mtoto wao mwenye ualbino ana bahati kuzaliwa Njombe au Makambako, kwa kuwa hapa hapana joto kama la Dar es Salaam au Tanga. Wanakosea, na kosa lenyewe ni la hatari. Joto na urujuanimno ni vitu viwili. Upepo wa Makambako unaondoa joto katika ngozi, hauondoi miale. Kadiri unavyopanda mlima, hewa ya kuichuja miale hiyo inapungua. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kila mita 1,000 inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Wala mawingu mepesi hayafui dafu, kwani sehemu kubwa ya miale hupenya. Kwa hiyo kijana yule wa viazi, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi saa sita mchana, alikuwa akiunguzwa na jua kali kuliko la mwenzake aliye ufukweni, ila yeye hakuwa na joto la kumwonya. Jua la pwani humpigia mtu kelele kabla ya kumuumiza. La kwetu humuumiza kimya kimya.

Sasa niungame.

Mwaka 1985 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika pande hizi, wakati huo tukiwa bado Mkoa wa Iringa. Nilikuwa kijana wa Daraja la III A, mwenye cheti cha chuo cha ualimu na imani kubwa katika usawa. Tulikuwa tumefundishwa kwamba shule ni mahali ambapo mtoto wa tajiri na wa maskini, wa mwenyekiti na wa mlevi, wanavaa sare moja, wanashika jembe moja na kula uji kwenye foleni moja. Naiamini imani hiyo hata leo. Lakini niliielewa nusu.

Darasa la tano alikuwamo mvulana mwenye ualbino. Alikuwa amezaliwa miaka ile reli ya TAZARA inajengwa, na kwa kuwa wageni walikuwa wengi, wenye midomo walikuwa wamekwisha kumtia mama yake maneni ambayo sitayarudia. Baba alikuwa ameondoka. Mama akalima vibarua vya watu, akamnunulia mwanawe pama pana la ukindu, naye akawa anakuja nalo shuleni.

Sheria ya shule ilisema: hakuna kofia mstarini, hakuna kofia darasani, hakuna kofia shambani, kwa kuwa kofia ni utovu wa nidhamu. Nani aliitunga, sijui. Niliikuta, nikaipokea kama nilivyopokea kengele na chaki. Siku moja mbele ya wanafunzi wote nilimvua mtoto yule kofia yake, nikaitundika ofisini, nikawaambia kwa sauti ya kujivunia: "Hapa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Watoto walicheka. Yeye alifumba macho, nami nikadhani ni kiburi. Leo najua kwamba alifumba macho kwa sababu mwanga ulimuumiza.

Mama yake alikuja siku ya pili. Alipiga magoti kidogo mlangoni kama ilivyo desturi ya mama zetu, akaniamkia, akasema, "Mwalimu, naomba kofia ya mwanangu. Jua linamla."

Linamla. Sikuwahi kusikia maelezo mafupi na sahihi zaidi ya jinsi mionzi inavyofanya kazi katika ngozi ya mtu. Mama yule hakumaliza darasa la nne. Mimi nilikuwa na cheti. Nikamjibu kwamba nikimruhusu mmoja, kesho watakuja arobaini na kofia. Na kwamba mtoto aliyeumbwa na hali yake hawezi kubadilishwa na kofia. Nilimrudishia pama lile kwa sharti kwamba lisionekane tena shuleni. Halikuonekana tena. Mtoto alipalilia shamba la mahindi la shule Januari ile, na Januari mbili zilizofuata, saa nane mchana, kaptula na shati la mikono mifupi, pamoja na wenzake, sawasawa na wenzake.

Mwaka huohuo wa 1985, na hili nililisoma nikiwa nimekwisha kustaafu, madaktari waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam, Jeff Luande, Claudia Henschke na Nuru Mohammed, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu 350 wenye ualbino. Walikuta kwamba ngozi ilikuwa imekwisha kuonyesha uharibifu wa jua tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Kwa waliofikisha miaka 20 na zaidi, hapakuwa na hata mmoja ambaye ngozi yake haikuwa na saratani au dalili za kuielekea. Maarifa yalikuwapo, yaliandikwa katika nchi yetu hii hii, mwaka uleule niliotundika kofia ofisini. Hayakufika katika chuo chochote nilichopata kukijua. Miaka miwili ya chuo cha ualimu nilifundishwa kuandaa azimio la kazi, kufuga kuku na kuongoza gwaride. Juu ya mtoto ambaye jua linamla sikufundishwa neno hata moja, wala sikuuliza.

Mvulana yule alimaliza darasa la saba mwaka 1987, akawa mkulima, kwa kuwa kwa macho yake na kwa elimu tuliyompa hapakuwa na kazi ya ndani. Mwaka 2002 alinijia nyumbani. "Shikamoo, Mwalimu." Shingoni alikuwa amezungushia kanga, na kabla hajaifungua nilikwisha kuisikia harufu. Sikio moja halikuwapo. Alikuwa amehangaika na dawa za kienyeji, kisha zahanati, kisha akaambiwa aende Dar es Salaam, Ocean Road, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa. Alikuwa ametumwa kwangu kuomba msaada wa nauli. Nilimpa. Alikwenda, akarudi akiwa amechelewa mno. Alifariki mwaka 2003, akiwa na miaka 30 hivi. Katika safari zote hizo hakunitajia kofia hata mara moja. Mazikoni mama yake alinipa mkono, akasema "Kamwene, Mwalimu," basi. Ningependa angenitukana.

Sitasema kwamba mimi peke yangu nilimwua. Huko nako ni kujikweza. Jua lilikuwa likimla tangu mgongoni mwa mama yake, na angeweza kuugua hata kwa kofia. Lakini miale hiyo inahesabiana kama deni la dukani, na mimi nilimwongezea miaka mitatu ya deni, bila sababu yoyote isipokuwa mstari unyooke.

Ndiyo maana usemi wa tatu nauchukia kuliko yote. Sheria moja kwa wote ni neno zuri pale ambapo watu wanalingana mbele ya kitu kile. Mbele ya jua hatulingani. Kumwambia mtoto mweusi na mtoto mwenye ualbino wasimame jua moja, kwa muda mmoja, kwa shati moja, ni kuwapa adhabu mbili tofauti na kuziita kwa jina moja. Usawa wa kweli ungekuwa wote wawili warudi nyumbani na ngozi nzima.

Iko nchi iliyolielewa jambo hili mapema. Australia inakaliwa na watu wengi waliotoka Ulaya, wenye ngozi iliyozoea jua hafifu, na saratani ya ngozi huko ni miongoni mwa zilizo nyingi kuliko popote duniani. Wenyeji wa asili, wenye ngozi nyeusi, wanaipata kwa uchache sana chini ya jua lilelile. Tangu mwaka 1981 wamekuwa wakifanya kampeni ya kuwahimiza watu wavae mashati, wapake mafuta ya kukinga na wavae kofia. Shule nyingi za msingi huko zina sheria kwamba mtoto asiye na kofia haendi kucheza uwanjani. Tazama basi. Kule mwalimu anamzuia mtoto kwa kukosa kofia. Mimi nilimwadhibu kwa kuwa nayo. Wote wawili tulikuwa na nidhamu. Tofauti ni kwamba nidhamu yao ilikuwa na sababu.

Najua jibu litakalotolewa. "Mwalimu, mambo ya jeni ni ya Mungu na ya wazungu, mtu akiandikiwa ameandikiwa. Mbona fulani alivuta sigara miaka sitini asipate saratani, na fulani hakuvuta akapata?" Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa ina jambo ndani yake. Ni kweli kwamba watu wawili wakivuta moshi uleule, mmoja huweza kuugua na mwingine asiugue, na urithi wa mwili ni mojawapo ya sababu. Lakini linatokana nini na hilo? Je, kwamba sigara haina kosa? La hasha. Linatokana na hilo kwamba moshi uleule ni hatari zaidi kwa mmoja, na kwa sigara hatujui ni yupi mpaka aanguke. Kwa jua tunajua! Mungu, kama ni kumtaja, ametuandikia usoni na kichwani mwa mtoto, kwa herufi ambazo hata asiyejua kusoma anaziona, kwamba huyu hana paa. Wengine wote wanaorithi udhaifu wameufichiwa ndani ya damu. Huyu mmoja ametangazwa, na bado tunampeleka juani tukisema ni majaliwa.

Wala tusiseme kwamba ni watu wachache wa ukoo fulani. Nilifundisha hesabu miaka mingi, na hii ni hesabu ya ubao. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu wenye ualbino 16,477 nchini, karibu mmoja katika kila 2,650. Madaktari wamekuwa wakikadiria kwamba ni zaidi ya hapo, mmoja katika kila 1,400, kwa kuwa watoto wengine hufichwa. Mtoto mwenye ualbino anahitaji nakala mbili zenye kasoro. Kwa hiyo tafuta kipeuo cha pili cha 1,400: ni 37 na kidogo. Yaani nakala moja katika kila 37 ina kasoro. Na kwa kuwa kila mmoja wetu ana nakala mbili, mtu mmoja katika kila 19 hivi anaibeba bila kujijua. Ukipenda hesabu ndogo ya sensa, ni mmoja katika kila 26. Darasa la watoto 50 lina wabebaji wawili au watatu, weusi tititi. Kwaya ya kanisa inao. Basi la Njombe kwenda Dar es Salaam likijaa linao. Huenda ni wewe, huenda ni mimi, huenda ni yule aliyemtia maneno mama wa watu. Wabebaji wawili wakioana, kila mtoto wanayemzaa ana nafasi moja katika nne ya kupata nakala zote mbili. Uzinzi haumo, laana haimo, mzungu hayumo. Na baba aliyeondoka akimwachia mama lawama alikuwa ameibeba nusu ya sababu katika mwili wake, akaondoka nayo.

Nchi yetu imejulikana duniani kwa aibu ya kuwaua watu hawa kwa mapanga ili viungo vyao vipelekwe kwa waganga. Zaidi ya 70 wameuawa tangu mwaka 2000, na bado mwaka 2024 mtoto mdogo aliibwa na kuuawa Muleba, Mkoa wa Kagera. Hasira ya taifa ilikuwa ya haki na isipungue. Lakini nauliza: mbona hasira hiyo huamka kwa panga tu? Anayewaua watu wenye ualbino kwa wingi katika nchi hii ni saratani ya ngozi. Panga lina mshtakiwa, lina kesi, lina gazeti. Jua halipandishwi kizimbani, na sisi tuliomsimamisha mtoto ndani yake tunakwenda mazikoni tukatoa rambirambi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, nasi tumewahesabu hawa upande wa nguruwe kwa ukimya wetu.

Wala si kwamba hakuna kilichofanyika. Chama chao, ambacho leo kinaitwa Tanzania Albinism Society, kipo tangu mwaka 1978, na kimesema mengi haya kabla yangu. Kule Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho KCMC, walianza kutengeneza mafuta ya kukinga jua, yanayoitwa Kilisun, kwa ajili ya ngozi hizi hasa. Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Mambo hayo ni makubwa. Lakini mafuta ya Moshi hayamfikii mtoto wa kijijini kila mwezi, na sheria ya Dodoma haisimami mstarini saa nne asubuhi. Anayesimama pale ni mwalimu.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho ni kwa walimu, ndugu zangu wa chaki. Mtoto mwenye ualbino avae kofia yenye ukingo mpana mahali popote, hata wimbo wa taifa ukiimbwa, na mtu asimguse. Ashonewe shati la mikono mirefu na suruali au gauni refu, kwa rangi ileile ya sare. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni asitumwe shambani, wala uwanjani, wala kisimani. Apewe kazi ya ndani, zipo nyingi. Asipigishwe magoti juani kwa kosa lolote. Akae mbele, karibu na ubao, mbali na dirisha, maana macho yake nayo yanahitaji msaada; na tukimsaidia kusoma tunampatia kazi ya kivulini maisha yake yote, jambo linalomkinga kuliko chupa ya mafuta. Akiwa na kidonda kisichopona kwa wiki chache, asisubiri likizo, aende hospitali. Saratani ya namna hii ikikamatwa ndogo hukatwa ikaisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kaburini. Na wakufunzi wa vyuo vya ualimu wayafundishe haya kabla ya gwaride.

Hayo yote, isipokuwa mafuta, hayahitaji mfadhili. Yanahitaji mwalimu mkuu mmoja ambaye hataogopa mstari wake kuharibika.

Siku ile ya Julai nilimwacha mzee mwenzangu, nikaenda katika duka la pili nikanunua pama. Nilimsubiri kijana ashushe pumzi, nikamwita. "Shikamoo, babu," akasema. Nikampa kofia, nikamweleza juu ya kile kidonda na hospitali ya kwenda. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akacheka akasema, "Babu, kofia hii ni ya tatu. Mbili zimechukuliwa na upepo. Nikishika gunia siwezi kushika kofia."

Nilikuwa na jibu kwa semi zote tatu, lakini kwa hilo sikuwa nalo. Tulikwenda kwa fundi cherehani aliye barazani karibu na pale, akatoboa pama pande mbili, akashona kamba ya kufunga kidevuni. Fundi alitaka shilingi 500. Kijana akaifunga, akainama, akapandisha gunia, upepo ukapiga, kofia ikabaki. Wiki iliyofuata alikwenda hospitali, nilimsindikiza mwenyewe.

Basi naongeza hili katika orodha yangu kwa walimu wa Makambako na Njombe: kofia iwe na kamba.